Mchunga Kivuli wa Mfalme Sengwaji

Nianze kwa kiapo: nchi ninayoisimulia haipo. Msiitafute kwenye ramani, msiulizane ni kwa kina nani, na wewe uliyekaa huko nyuma unayecheka hata hadithi haijaanza, acha, utatuponza. Ilikuwa nchi ya zama za mikuki na ngao, zama ambazo wakubwa walidanganya na wadogo wakapiga makofi. Mambo hayo, tumshukuru Mungu, siku hizi yamekwisha kabisa.

Nchi hiyo aliitawala Mfalme Sengwaji, Baba wa Mvua, Simba wa Pande Zote, Mtu Asiyekohoa. Alizaliwa akiwa mfalme tayari. Baba yake naye alikuwa mfalme bado, jambo lililoleta usumbufu kidogo ikulu, lakini Sengwaji alipoanza tu kuota ndevu, baba mtu alikunywa uji wake wa asubuhi akafa, na mpishi wa ule uji akapewa shamba. Watu walisema ni kazi ya Mungu. Walisema kwa sauti kubwa, kwa sababu waliokuwa wakisema kwa sauti ndogo walikuwa wanatafutwa.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba asitazamwe. "Kitu kikitazamwa sana hupauka," alitangaza. "Angalieni kanga zenu mlizozianika." Basi ikawa marufuku kuinua macho anapopita. Mtu alitakiwa ainame na kutazama kivuli chake, akisalimie kivuli, akililie shida kivuli, na siku ya sherehe akichezee ngoma kivuli. Miaka ikapita, wakawapo watu wazima wenye wajukuu ambao hawakujua uso wa mfalme wao ukoje, lakini kivuli chake wangekitambua hata katikati ya vivuli vya ng'ombe. Na aliyekikanyaga, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, alipelekwa Shimo la Adabu nyuma ya ikulu. Lilikuwa shimo lenye mafanikio makubwa, maana hakuna hata mmoja aliyetoka kulalamika.

Sasa kivuli kama hicho hakiwezi kuachwa kizurure peke yake. Ndiyo maana kukawa na cheo cha Mchunga Kivuli, na ndiyo maana askari walimjia Vuai malishoni, mchana kweupe, amekaa juu ya jiwe anachonga mwiko.

"Wewe ndiye Vuai mchunga mbuzi?"

"Ndiye mimi, bwana wangu. Lakini kama kuna mbuzi aliyekula mazao ya mtu, basi huyo si wangu. Wangu wana adabu."

"Umepandishwa cheo. Baraza limeona kwamba anayeweza kuchunga mbuzi anaweza kuchunga kivuli, tena kivuli hakina pembe."

Vuai aliishi na dada yake mkubwa, Mize, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mize alikuwa mwanamke wa jembe, mwenye shamba lake la muhogo bondeni na mdomo usio na mlango. Aliposikia habari hiyo alitoka nje na mikono imejaa tope.

"Na yule mchunga aliyekuwapo yuko wapi?" akauliza.

"Alipiga chafya," askari alijibu. "Chafya ikamsukuma mbele hatua moja."

"Na asiyepiga chafya, mwisho wake nini?"

"Bibi, cheo hiki ni cha heshima kubwa. Mfalme akifa, Mchunga Kivuli huzikwa naye, akiwa hai, ili aendelee na kazi huko waendako."

"Kaburini mna jua?"

"Maswali ya namna hiyo," askari alisema, "huulizwa na maadui wa nchi."

Mize akamtazama mdogo wake kwa macho ambayo Vuai hakuwahi kuyaona tangu msiba wa mama yao. Tangu siku ile Vuai akawa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kuja na kuondoka. Ilihamia kwake ikatandika mkeka. Katika nchi nzima watu walimwombea mfalme maisha marefu kwa sababu wameamriwa. Vuai peke yake ndiye aliyeomba kwa moyo mmoja, usiku na mchana, machozi yakimtoka. Mfalme akijikuna, Vuai alitetemeka. Mfalme akila pilau akapaliwa, Vuai ndiye aliyekosa pumzi.

Kazi yenyewe usiione hivi hivi. Alishika fimbo nyeupe akawa anatembea ubavuni mwa kivuli, akiwaswaga watu, kuku na upepo. "Kaa mbali! Kivuli! Kivuli kinapita!" Asubuhi kivuli kilikuwa kirefu na watu wengi wanakwenda sokoni, kwa hiyo asubuhi alikimbia kotekote na fimbo yake. Mchana ilikuwa balaa zaidi. Jua lilipofika utosini, kivuli kilijikusanya chini ya miguu ya mfalme, na hapo Vuai aliona kwa macho yake mawili kitu ambacho hakuthubutu kumwambia hata fimbo yake: mfalme alikuwa amekikanyaga kivuli cha mfalme.

Hakusema. Lakini diwani mmoja mwenye kupenda sifa alisema, na Baraza likaketi likajadili nani apelekwe shimoni. Walijadili wakatoka jasho. Mwisho akasimama Waziri Mkuu Mwinyi Ngwali, mtu mnene mwenye sauti ya asali, akasema, "Waheshimiwa, kosa si la Mtukufu. Kosa ni la adhuhuri." Basi adhuhuri ikafutwa. Ikiisha asubuhi ilifuata alasiri, na hapo katikati kila mtu alitakiwa awe ndani, amefumba macho, akingojea wakati uanze tena. Mtu aliyeuliza "jamani, chakula cha mchana tayari?" alikamatwa pamoja na chakula chake. Yule diwani mwenye kupenda sifa, yeye alipongezwa, kisha naye akaenda shimoni.

Lakini hofu iliyomla Vuai mpaka kwenye mifupa ilikuwa ya jioni. Mfalme Sengwaji aligundua kwamba jua likishuka kivuli hurefuka, akaona hiyo si bure, ni ujumbe. Akajengewa jukwaa la mawe mbele ya ikulu, refu, limeangalia bonde la mashamba. Kila jioni alikaa pale jua likiwa mgongoni mwake, na kivuli chake kikateremka, kikapita Uwanja wa Hukumu, kikaingia bondeni. Palipofikiwa na kivuli palikuwa mali ya mfalme. Nani wa kubisha? Mfalme mwenyewe amelala pale, na mtu halimi juu ya mfalme.

Vuai ndiye aliyekwenda na vigingi. Alitembea kwenye ncha ya kivuli, pale penye kichwa, akichomeka kigingi baada ya kigingi katika mtama wa watu, na wenye mtama wamesimama, wameinamisha vichwa kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyemtukana. Alitamani wamtukane. Na siku kivuli kilipofika kwenye muhogo wa Mize, Vuai alifanya jambo ambalo hata mimi ninayesimulia linanisisimua mwili. Aligeuza mgongo upande wa jukwaa, akachomeka kigingi nje ya shamba, upande wa huku, ilhali kivuli kilikuwa kimeshavuka upande wa kule. Nyundo ikampiga kidole. Hakulia. Akachukua kigingi kingine akaendelea, na dada yake akaendelea kupalilia na kivuli cha masikio ya mfalme kikimpita mgongoni.

"Mdogo wangu," Mize alinong'ona bila kuinua kichwa, "watakuua."

"Nyamaza, dada. Palilia."

Mambo yakaenda hivyo msimu kwa msimu, mpaka jioni moja ya kiangazi. Vuai yuko bondeni na vigingi vyake, anatazama kivuli kama kawaida. Kawaida ya mfalme ilikuwa kutafuna tambuu, kwa hiyo kivuli nacho kilipeleka mkono mdomoni, kikatafuna, kikatema pembeni. Jioni ile kivuli kilikaa tu. Vuai akangoja. Kisha akatua kunguru juu ya kichwa cha kivuli. Yaani, kivuli cha kunguru juu ya kichwa cha kivuli cha mfalme. Kikatembea huku, kikatembea huku, kikadonoa. Na mfalme hakumfukuza.

Loo! Akatazama kulia na kushoto: wakulima wote wameinama, wanamtazama kunguru, na hakuna uso hata mmoja uliobadilika. Vuai aliacha vigingi akapanda mlima mbio, akisema moyoni, "Amesinzia. Ya Rabi, amesinzia tu, mtu mzima akishiba husinzia." Akafika juu ya jukwaa akitweta.

Waziri Mkuu Ngwali alikuwa amechuchumaa chini ya kiti cha enzi, ili kivuli chake kisichanganyike na cha mkubwa. Alikuwa akila karanga, na askari wake mmoja amechuchumaa kando.

"Mfalme..." Vuai alisema.

"Mfalme ni mzima kuliko jana," Ngwali alijibu.

"Ana kunguru kichwani, bwana mkubwa."

"Mtukufu anapenda ndege."

Vuai akavunja sheria ya kwanza ya nchi. Aliinua macho. Hapo ndipo alipomwona mfalme kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya kumchunga: kizee kidogo chenye uso wa mtu aliyekatazwa kitu, mdomo wazi, nzi anaingia na kutoka. Amekufa tangu alasiri. Na Vuai, badala ya kulia, alisikia miguu yake yenyewe ikipoa kutoka chini kwenda juu, kana kwamba udongo umekwisha kuanza kumwagwa.

Ngwali akajifuta maganda ya karanga. "Wewe unajua, na mimi najua, na huyu askari wangu anajua. La kuvunda halina ubani, Vuai, lakini hapa si lazima livunde. Watu wamezoea kivuli. Kivuli kikikosekana wataanza kutazama juu, na wakitazama juu wataniona mimi. Sasa nisikilize vizuri, maana jua linatua. Mila inakutaka uzikwe. Ipo nafasi moja tu nyingine. Uzikwe, au utawale?"

"Nitawale," Vuai alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Walimvua marehemu joho na taji palepale, wakamvika Vuai. Mfalme alizikwa chini ya jukwaa lake, bila matanga, bila hata sala ya haraka haraka. Juu yake pakawekwa tena kiti, na kwenye kiti akakaa mchunga mbuzi. Na kwa kuwa Vuai alikuwa mwembamba, joho lilijazwa sufi mbele na nyuma. Siku za mwanzo sufi ilipungua na mtu mmoja kisimani akasema mfalme amekonda. Jioni yake Ngwali alihutubia umma.

"Wananchi watukufu! Kuna uzushi unaosambazwa visimani na watu wasioitakia mema nchi yetu. Afya ya Mtukufu ni imara, inaimarika, na itaendelea kuimarika hata baada ya kupona. Na kuanzia leo, kuchota maji wawili wawili ni mkutano."

Yule wa kisimani hakuonekana tena. Sufi ikaongezwa.

Lakini tangazo lililomuumiza Vuai lilikuwa jingine, na alilisikia akiwa kwenye kiti hichohicho, hawezi hata kujikuna. "Mchunga Kivuli Vuai," Ngwali alisoma, "amefariki dunia ghafla kutokana na kumpenda mno mfalme." Kutoka bondeni kikapanda kilio kimoja, cha mwanamke mmoja, na Vuai alikijua kilio kile kuliko alivyolijua jina lake. Alinyanyuka nusu. Nyuma yake, kifudifudi sakafuni ili asitoe kivuli, alilala yule askari wa Ngwali na mkuki, na ncha ya mkuki ikamgusa kisigino. Vuai akaketi.

Cheo cha Mchunga Kivuli akapewa Pandu, mtoto wa dada yake Ngwali. Kilikuwa cheo chenye nyumba, punda na mgao wa nyama, na mama yake Pandu alikuwa amekililia kwa kaka yake siku nyingi. Mwanzo Ngwali alisita, kwa ajili ya ile mila ya kuzikwa. Kisha akafikiri: mfalme ameshakufa, na anayekufa hafi mara ya pili. Akampa mpwawe fimbo nyeupe, familia ikachinja ng'ombe. Pandu mwenyewe hakuambiwa kitu. Alikuwa kijana mtiifu, mwenye macho makali, aliyependa sana kuchomeka vigingi mahali pake hasa.

Nadhani mmeshaona yanayokuja. Hata Vuai aliyaona, tena aliyaona kutoka juu, jioni baada ya jioni, bila uwezo wa kufanya lolote. Kivuli sasa kilikuwa chake. Kiliteremka jukwaani, kikavuka uwanja, na kichwa chake, kichwa cha Vuai mwana wa mama mmoja na Mize, kikaenda kulala juu ya muhogo wa Mize. Na Pandu akafika na nyundo.

Vuai alijaribu. Alijikunyata kwenye kiti ili kivuli kifupike, na mkuki ukamchoma kisigino. Aliinamisha kichwa upande, kichwa kikatoka kwenye muhogo wa dada yake kikaingia kwenye viazi vya jirani, na mkuki ukamchoma tena. Akakaa wima, machozi yakimwingia mdomoni, na kule chini vigingi vikachomekwa kuuzunguka muhogo wote. Alimwona Mize amesimama katikati na jembe lake, mdogo kama siafu. Alimwona akiinama. Alidhani anatii. Kumbe analima.

Alilima siku ile, akalima ya pili, na ya tatu walimkamata.

"Umelima juu ya mfalme!" Pandu alimwambia, ametoa macho.

"Nimelima muhogo wangu. Mfalme wenu ndiye aliyekuja kunilalia shambani, mwanamume mzima, bila hodi!"

Maneno hayo yalifika ikulu kabla yake. Hukumu ikapangwa jioni ileile.

Sasa niwaeleze hukumu za nchi ile zilivyokuwa. Mshitakiwa alipigishwa magoti uwanjani, kwenye kifua cha kivuli. Kadhi hakuwapo, wakili hakuwapo. Watu walitazama mkono wa kivuli. Ukiinuka, amesamehewa. Ukibaki chini, Shimo la Adabu. Na katika utawala wote wa Sengwaji, mkono ule haukuwahi kuinuka. Haukuinuka kwa mjane, haukuinuka kwa kipofu aliyekanyaga asichokiona. Watu walikwisha kuzoea hata wakawa wanaanza kuondoka mapema ili wawahi kupika.

Ngwali alimjia Vuai kabla ya umma kukusanyika. Alijua kila kitu, na alikuja na karanga zake.

"Ni dada yako," alisema. "Pole sana. Lakini tumia akili. Sengwaji hakusamehe hata mbu. Mkono ukiinuka leo, kila mtu pale chini atajua kwamba huyu si Sengwaji. Wakijua, basi mfalme amekufa. Na mfalme akifa, wewe ni mchunga wake, kaburi lako liko hapa hapa chini ya makalio yako, wala hatuna haja ya kutafuta majembe mbali."

"Na nisipoinua?"

"Utaishi. Utakula. Nani kama wewe?"

Akashuka, akaenda kusimama mahali pake uwanjani, karibu na Pandu mwenye fimbo.

Jua likashuka mgongoni mwa Vuai, kivuli kikatambaa mpaka uwanjani, bado hakijafika bondeni. Umma wote uliinama. Mize aliletwa, kamba mikononi, akapigishwa magoti kifuani pa kivuli, na yeye peke yake ndiye ambaye hakuinamisha kichwa. Kutoka juu Vuai aliuona utosi wa dada yake na msuko wake wa mistari uliokwisha kufumuka. Alimwona akisonya.

Hofu aliyokuwa nayo tangu malishoni ilikuwa kama maji ya mtungi ukilinganisha na hii. Jasho liliilowesha sufi. Alifikiri juu ya udongo: unavyoingia puani kwanza, au mdomoni kwanza? Alifikiri kwamba Mize alikuwa na mdomo mbaya tangu utotoni, na kwamba mtu akijitafutia, basi amejitafutia. Alilifikiri hilo kweli, sitamsitiri. Kisha akafikiri kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimtafunia muhogo wa kuchoma na kumtia mdomoni, meno yake yalipokuwa hayajaota. Mkono wake wa kulia ulikaa gotini, mzito, na akaomba Mungu auache uwe mzito hivyohivyo mpaka jua litue, jambo liishe, naye asiwe amechagua.

Jua halikutua. Askari wa shimo wakamshika Mize mabega kumwinua.

Mkono ukainuka.

Uliinuka ukitetemeka, vidole vikicheza, na kule chini kivuli chake kilipita juu ya vichwa vya watu kama mnazi unaoyumba. Mbwa mmoja alibweka akanyamazishwa. Kisha nusu ya umma ikafanya jambo la hatari mno: ikaanza, pole pole, kuinua nyuso.

Ngwali alibaki kinywa wazi. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kupiga kelele, "Huyu siye! Mfalme amekufa!", kwa sababu ndivyo alivyopanga, amlaumu mchunga mbuzi kwa yote na yeye aibuke shujaa. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Hapo akasikia jicho linamchoma shavuni. Dada yake, mama Pandu, alikuwa amesimama safu ya mbele, hamtazami mfalme wala kivuli. Siri hakuambiwa, lakini anamtazama kaka yake. Kisha akamtazama Pandu, aliyesimama na ile fimbo nyeupe mkononi. Mfalme akifa leo mbele ya umma, Mchunga Kivuli atazikwa leo. Na Vuai alikwisha kufa, ametangazwa, ameliliwa. Mchunga Kivuli ni yule mwenye fimbo.

"Kaka," mama Pandu alisema, taratibu tu.

"Mfalme amesamehe!" Ngwali akapayuka, sauti yake ya asali imepasuka. "Amesamehe, wananchi! Kama ilivyo kawaida yake!"

"Kawaida yake tangu lini?" mzee mmoja akauliza.

"Tangu zamani! Mkamateni huyo mzee! La, mwacheni! Amesamehewa naye! Inamisheni nyuso, nyote mmesamehewa, inamisheni nyuso!"

Nyuso zikainama. Huko juu askari aliyelala kifudifudi hakujua achome au asichome, akaamua kungoja amri. Vuai aliurudisha mkono gotini. Alikuwa hai. Hakuelewa kwa nini, ila alikuwa hai, na dada yake alikuwa anafunguliwa kamba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya cheo hewa iliingia kifuani mwake ikafika mwisho.

Mwenye kusamehewa, sheria ilisema, sharti abusu kivuli na kushukuru. Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kutumika, ilibidi Ngwali amnong'oneze Mize la kufanya. Mize alisugua mikono yake. Akasogea mpaka kwenye kichwa cha kivuli, akasimama juu yake, kwa miguu miwili yenye tope.

"Sikuomba msamaha wako," alisema, na uwanja ulivyokuwa kimya, kila neno lilipanda mpaka jukwaani. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu mmoja. Alikuwa mwoga, maskini ya Mungu, anaogopa hata kuku anayeatamia. Ukamchukua, ukamtumikisha, ukamuua, ukasema kafa kwa kukupenda. Mdogo wangu hakukupenda! Nisamehe mara mia, mimi sikusamehi. Umesikia? Popote ulipo huko juu, sikusamehi mpaka siku ya kiyama."

Akatema mate. Yalianguka palepale penye mdomo wa kivuli.

Vuai alifumbua kinywa chake. Jina lake lilikuwa tayari, alikuwa na dada ambaye angeijua sauti yake kwa herufi moja tu. Lakini angelitamka, Mize angekuwa wa nne kujua, na Ngwali angemfanyaje anayejua? Mkuki uligusa kisigino, na wala haukuwa na haja. Alifumba kinywa. Umma ulikuwa unatazama mkono, askari wa shimo wakiwa tayari, wamemshika tena mwanamke kiwiko.

Vuai aliinua mkono mara ya pili.

Vitabu vya nchi ile vinasema Mfalme Sengwaji alitawala muda mrefu sana, mrefu kupita umri wa kawaida wa binadamu, na kwamba mwisho wa utawala wake aliitwa Mwenye Huruma. Shimo la Adabu liliota nyasi, mbuzi wakawa wanashushwa humo kulishwa. Ngwali alizeeka akihutubia. Pandu aliishi akichomeka vigingi, na kila alipokohoa mfalme, mama yake alikaukiwa na mate. Adhuhuri haikurudishwa, maana hakuna aliyekuwa na hakika kama ni ruhusa kuikumbuka.

Na kila jioni Mize alipotoka shambani, kapu la muhogo kichwani, alipita uwanjani makusudi, kabla kivuli hakijashuka bondeni. Alisimama pale penye mdomo wa kivuli, akatema mate, na kule juu mkono ukainuka. Watoto wa nchi ile, ambao hawakuwa wanajua lolote, walidhani hao wawili wanasalimiana.